Kijiko cha nyama kilibaki mkononi mwa mhudumu: tathmini ya huduma ya chakula kwenye sendofu ya mdogo wangu

Tathmini hii inahusu huduma ya chakula, vinywaji na wahudumu tuliyoikodi kwa ajili ya sherehe ya kumuaga mdogo wangu wa kike kabla ya ndoa yake, iliyofanyika katika ukumbi mmoja wa Dar es Salaam mbele ya wageni 250. Nilikuwa mhazini wa kamati, kwa hiyo kila shilingi iliyotoka ninaikumbuka: shilingi 22,000 kwa sahani, jumla shilingi 5,500,000, nusu ikilipwa siku ya kutia saini mkataba na nusu nyingine siku tatu kabla ya sherehe, pamoja na shilingi 300,000 za dhamana ya vyombo ambazo zingerudishwa baada ya vyombo kuhesabiwa. Mwenye huduma hiyo ni mama mmoja wa makamo anayepika na kusimamia watu wake mwenyewe. Sitamtaja kwa jina, ingawa anastahili kutajwa, kwa sababu mengi nitakayoyaeleza yalifanywa na ndugu zangu na wafanyakazi wenzangu, na jina la mpishi lingetosha kumfahamisha mtu wa mtaani kwetu kwamba ilikuwa sherehe ya nani.

Chakula chenyewe kilikuwa kizuri. Pilau ilikuwa kavu, imechambuka, na bizari yake ilisikika bila kuunguza koo. Kuku walikaangwa vizuri hadi mfupani. Nyama ya mchuzi ililainika. Ndizi ziliiva kupita kiasi na kachumbari ilitoa maji mengi, jambo ambalo hutokea inapokatwa mapema mno. Ukitaka ladha peke yake, wapo wapishi kumi jijini watakaokupa ladha hiyo, na wengine kwa bei ya chini kuliko hii. Nilichokipata kwa mama huyu ni kitu ambacho sikujua kwamba mpishi anaweza kukiuza, nacho ni ulinzi wa heshima ya mwenye shughuli dhidi ya ubinafsi wa watu wake wa karibu.

Nimekaa kwenye kamati za harusi na sendofu mara tano, na mara zote nne za mwanzo niliona aibu ya aina moja. Chakula hununuliwa cha kutosha, tena mara nyingi kwa kuzidisha, lakini wanaofika kwenye meza ya chakula mwanzoni hujaza sahani nyama kwanza na wali baadaye, na meza za mwisho hukuta sufuria za mchuzi usio na kitu ndani. Walioko meza za mwisho huwa ni wale wale kila sherehe: bibi waliotoka kijijini kwa basi, madereva waliowabeba wageni, wasichana wa kazi walioamka alfajiri kuosha vyombo, na jirani asiyejua kusukumana. Kwenye sendofu ya binamu yangu miaka michache iliyopita, baba mkwe mtarajiwa mwenyewe alipewa wali na kabeji kwa sababu vijana wa kamati walikwisha kujihudumia kabla meza kuu haijaitwa. Mzee yule alikula kimya, akashukuru, na hadi leo marehemu baba yangu mkubwa anakumbukwa upande wa wale wakwe kwa sahani ile.

Ndiyo maana mazungumzo yetu ya kwanza na mama huyu yalinishangaza. Wapishi wengine walituuliza tunataka bufee ya vyakula vingapi na rangi gani ya vitambaa. Yeye aliuliza: "Wenye kadi ni 250. Na wasio na kadi mnawatarajia wangapi?" Mwenyekiti wetu akajibu kwa msisitizo kwamba hakuna mtu ataingia bila kadi. Mama akaandika kitu kwenye daftari lake, akanyamaza. Siku ya kuonja chakula alitualika watu wanne, na tukafika kumi na mmoja, kwa sababu kila mjumbe aliona si vibaya kumpitia rafiki yake. Alitupakulia wote, kidogo kidogo, kwa upole, bila neno. Tulipomaliza alifungua daftari lile lile na kutuambia kwamba watu walioalikwa wanne wakifika kumi na mmoja siku ya kawaida ya kazi, basi siku ya sherehe yeye atapika kwa hesabu hiyo hiyo ya 250 lakini hatakubali kuhudumia bila masharti yake kuandikwa kwenye mkataba.

Masharti yalikuwa matatu. Wali, pilau, ndizi na mboga mgeni atajipakulia mwenyewe, ila kijiko cha nyama na koleo la kuku vitabaki mikononi mwa wahudumu mpaka meza ya mwisho ipate. Kinywaji cha pili kitatolewa kwa kurudisha chupa tupu ya kwanza. Chakula kitakachobaki kitakabidhiwa kwa mtu mmoja tu aliyeandikwa jina kwenye mkataba, na mtu mwingine yeyote, hata akiwa nani katika ukoo, hatapewa.

Baba mdogo alikasirika pale pale. Alisema kwamba kumpimia mtu mzima nyama kwenye sherehe ya mtoto wake ni kumfanya mwanafunzi wa bweni, na nakiri kwamba nilikuwa upande wake, kwa sababu nami nililelewa nikiamini kwamba mgeni aliyekuja kwa heri hapimiwi. Mama alimsikiliza hadi mwisho, kisha akatufanyia hesabu. Kuku 65, kila mmoja vipande 8, ni vipande 520. Wageni 250 kwa vipande viwili kila mmoja ni vipande 500. Vinabaki 20. Wageni 20 wa kwanza wakichukua vitatu badala ya viwili, akiba imekwisha. Wageni 40 wa kwanza wakifanya hivyo, kuna watu kumi huko nyuma ambao hawatapata hata kipande. "Baba, sikupimii wewe," alimwambia baba mdogo, "ninamwekea yule ambaye hatakuja kulalamika." Baba mdogo hakujibu, na mkataba ulitiwa saini jioni ile.

Sasa niieleze siku yenyewe, na nitaanza mlangoni, kwa sababu wapokea kadi walikuwa sehemu ya huduma yake. Mwendo wa saa 1 na nusu usiku alifika mtu wa ukoo wetu, mwenye mke na watoto, akiwa na kadi ya watu wawili iliyoandikwa "Bwana na Bibi", na mkononi amemshika mwanamke ambaye sisi sote tulijua kwamba si mke wake. Aliingia akaketi meza ya tatu kutoka mbele, meza ya wanaukoo. Baada ya kama dakika arobaini mke wake alifika peke yake, amevaa sare ya ndugu wa bibi harusi ambayo alikuwa ameilipia mwenyewe, na hana kadi kwa kuwa kadi ilikuwa kwa mumewe. Sitaisahau sura ya yule dada wakati mpokea kadi, kijana wa miaka ishirini na kitu, alipotazama orodha na kuona kwamba jina lile limekwisha kuingia watu wawili. Kijana yule angeweza kusema hivyo kwa sauti. Alichosema ni: "Mama, tulikuwa tunakusubiri, kuna kiti chako karibu na akina mama wa meza kuu," kisha akamtembeza kupitia upande wa pili wa ukumbi, ambako asingelazimika kupita mbele ya meza ya tatu, na akamtuma mwenzake aje kuniita. Alipewa kiti jirani na mama yangu. Alimwona mumewe hatimaye, kwa sababu ukumbi una taa, lakini wakati huo yeye alikuwa amekaa mahali pa heshima kuliko mumewe. Mume aliondoka kabla ya keki.

Mgeni huyo mmoja wa ziada alilipiwa sahani ya ziada, na mama mpishi aliiandika kwenye hesabu ya mwisho bila kuongeza maelezo.

Foleni ya chakula ilianza saa 3 na nusu. Nilisimama pembeni, kwa sababu nilitaka kuona iwapo sharti la kijiko lingeshika. Mjomba mmoja, ambaye kwenye kikao cha kwanza aliahidi shilingi 200,000 na hadi siku ile hakuwa ametoa hata senti, alikuja na watu wanne kwa kadi ya watu wawili na kusimama wa tatu kwenye foleni. Aliwekewa vipande viwili vya kuku. Sahani yake haikusogea. "Ongeza, binti," akasema, "huyu anayeagwa ni mtoto wangu." Msichana aliyeshika koleo aliinama kidogo, kama mtu anayemwamkia mkubwa, akasema, "Nimekuelewa, mzee wangu. Wote wakishapata nitakuletea mwenyewe mezani." Mjomba akaondoka akinung'unika, kisha dakika tano baadaye nikamwona kwenye foleni ya upande wa pili akiwa na sahani mpya. Mhudumu wa pili alimwambia maneno yale yale karibu neno kwa neno, jambo lililonionyesha kwamba walikuwa wamefundishwa. Ninaona hapo ndipo fedha yetu ilipofanya kazi zaidi: mhudumu ambaye hajafundishwa humpa mkubwa wa ukoo anachodai kwa hofu, au humjibu kwa ukali na kuleta ugomvi, na vyote viwili humwangukia mwenye shughuli.

Meza zilikuwa 25, kila moja watu kumi. Saa 4 na dakika 20 nilikwenda meza ya 25, iliyokuwa nyuma karibu na mlango wa jikoni, na nikatazama sahani za madereva watatu, mabibi wanne, na akina dada waliokuwa wakiosha vyombo. Kila sahani ilikuwa na vipande viwili vya kuku na nyama ya mchuzi. Bibi mmoja, shangazi wa baba, alikuwa ametenga kipande kimoja pembeni na kukifunika kwa karatasi ya mkono, akaniambia kwamba anampelekea mjukuu. Nilimwambia ale, nikaenda kuongea na msichana wa koleo, na bibi akaletewa vingine viwili. Dakika chache baadaye mjomba naye aliletewa alichoahidiwa, mezani, kwa adabu ile ile.

Upande wa kazini kwangu ulinitia aibu zaidi kuliko ukoo, labda kwa kuwa ndugu tumewazoea. Idara yetu ilichangishana, na mwenzetu mmoja aliyejitolea kukusanya akaiwasilishia kamati fedha yote kwa jina lake peke yake, hivyo akapewa kadi nne wakati watu waliotoa kwa jasho lao wakanipigia simu kuuliza mbona hawajaalikwa. Niligundua siku ya sherehe, mbele yao. Mkubwa wetu wa kazi naye alifika na wasaidizi sita, akakuta meza aliyopangiwa iko safu ya nne, na bila kuuliza akaketi meza ya pili iliyokuwa na kibao cha wazee wa upande wa mama. Wazee wawili walikuwa wamekwisha kuketi pale. Wakasimama wenyewe kumpisha, kama wazee wetu wanavyofanya wakiona suti. Sikuwa na ujasiri wa kumwambia, na ninalieleza hili kwa masikitiko, kwani mimi ndiye niliyepaswa kusema na nilifikiria mshahara wangu. Msimamizi wa wahudumu alikwenda akamnong'oneza kwamba chakula cha meza yake kimeshaandaliwa kule na kwamba hapa hakitafika, jambo ambalo lilikuwa kweli kwa sababu meza zilikuwa zikiitwa kwa namba. Mkubwa akahama. Wazee wakarudi kwenye viti vyao.

Sharti la chupa tupu halikufanikiwa kama la kijiko. Mpaka saa 4 usiku lilikwenda vizuri, kisha vijana wawili wa ofisini kwetu wakaanza kuokota chupa tupu kwenye meza za watu wasiokunywa bia, wakazibadilisha kaunta kwa zilizojaa na kuzipanga chini ya meza yao, nyuma ya kitambaa kilichofika sakafuni. Zilipogunduliwa zilikuwa 31. Wakati huo wakwe walikuwa wakiambiwa kwamba bia ya baridi imekwisha. Kwa maoni yangu mwenye huduma anapaswa kuacha utaratibu wa chupa na kutumia tiketi zilizoandikwa namba ya meza, na nimemwambia hivyo.

Kasoro za huduma yenyewe ni mbili, na zote nazieleza kwa uzito. Ya kwanza ni kwamba kuhudumia nyama kwa mkono kunachelewesha foleni. Kutoka meza ya kwanza hadi ya mwisho zilipita dakika 50, na pilau ya meza za mwisho ilikuwa vuguvugu tu. Foleni mbili kwa watu 250 hazitoshi; zinahitajika nne, na nusu ya wageni waitwe kutoka nyuma. Ya pili ni kwamba wahudumu wake wawili walikutwa wameficha bakuli kubwa la kuku nyuma ya pazia la jukwaa. Aliyelikuta ni mama mwenyewe. Alilibeba hadi mbele yangu, akanionyesha, akaniambia kwamba vipande ni 14 na kwamba vitarudi kwenye hesabu, kisha akawaondoa wale wawili ukumbini usiku ule ule. Baadaye nilijifunza kwamba mkataba wake na wahudumu unawahakikishia chakula kabla ya sherehe kuanza, na kwamba wote walikuwa wamekula saa 11 jioni. Kwa sababu hiyo sikuwaonea huruma kama ningewaonea wenye njaa, na nilimheshimu kwa kutonificha jambo ambalo angeweza kulificha kabisa.

Lililobaki ni suala la chakula kilichosalia na vyombo. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019, wageni wa kubeba wamehamia kwenye foili na makopo ya siagi, na kwenye sherehe yetu nilihesabu mikoba sita iliyofunguliwa mezani kabla ya saa 5. Mama huyu alikataa kufungia mtu chakula kutoka kwenye meza ya bufee. Alieleza kwamba chakula kilichopikwa hakipaswi kukaa nje kwa zaidi ya muda wa saa mbili, na kwamba kinachohifadhiwa cha moto kibaki juu ya nyuzi joto 60, jambo ambalo hata Shirika la Afya Duniani linalisisitiza. Nyama iliyokaa kwenye mkoba tangu saa 3 usiku na kuliwa kesho yake mchana inaweza kumlaza mtoto hospitali, na lawama itamrudia mpishi. Kilichobaki jikoni kikiwa bado cha moto alimkabidhi mama yangu, aliyeandikwa kwenye mkataba, naye akakigawa.

Siku ya pili asubuhi simu iliita. Mama alikuwa amehesabu vyombo: glasi 9 zimevunjika, vijiko 4 havionekani, na hotpoti moja kubwa ya lita kumi imeondoka ikiwa na pilau ndani. Alinipigia mimi peke yangu. Hakumpigia mwenyekiti wala hakuandika kwenye kundi la simu la kamati, ambamo wajumbe wote 38 wangesoma na kuanza kutaja majina. Aliniambia tu kwamba mhudumu aliona hotpoti ikipakiwa kwenye gari la rangi fulani, na kwamba ananipa siku mbili kabla ya kufunga hesabu. Nililijua gari lile.

Nilikwenda kwa shangazi jioni, nikiwa nimebeba mkate na sukari. "Shikamoo shangazi." "Marahaba mwanangu, karibu, ingia." Tulizungumza kuhusu bibi harusi, kuhusu mguu wake unaomsumbua, na kuhusu namna ukumbi ulivyopendeza. Hotpoti ilikuwa juu ya kabati, imeoshwa, na kijiko kimoja kikubwa juu yake. Nilikaa saa nzima nikitafuta namna ya kuanza, na nilipoanza nilisema tu kwamba mpishi anamshukuru aliyemtunzia chombo chake. Shangazi akanyamaza kitambo. Kisha akasimama, akakishusha mwenyewe, akakifunga kwenye kanga, akaniambia kwamba alikichukua kwa sababu watoto wa marehemu kaka yake hawakualikwa, na hakuwa na kitu kingine cha kuwapelekea. Nilikuwa mhazini. Orodha ya walioalikwa niliipitisha mimi, na watoto wale niliwaondoa ili kupata nafasi ya watu wa ofisini.

Kwa mwenye sherehe ya watu 150 au zaidi, mwenye ukoo mkubwa na kazi yenye wakubwa wengi, ninapendekeza atafute huduma inayofanya kazi kwa namna hii na akubali kulipa shilingi elfu tatu au nne zaidi kwa sahani kuliko bei ya kawaida. Aulize mapema ni foleni ngapi, ni nani anashika kijiko cha nyama, wahudumu wanakula saa ngapi, na vyombo vikipotea anapigiwa nani.

Dhamana yetu ilirudishwa siku ya nne kwa simu: shilingi 267,000. Mchanganuo aliuandika kwa mkono na kuutuma kwa picha. Glasi 9 kwa shilingi 3,000 kila moja, shilingi 27,000. Vijiko 4 kwa shilingi 1,500 kila kimoja, shilingi 6,000. Hotpoti haikutajwa mahali popote.